Sauti Uliyoiweka Nyansurura

Baba, shikamoo.

Kompyuta yako imekufa. Nalitanguliza hilo kwa sababu nakujua. Ungeniuliza habari zake kabla hujauliza habari za wajukuu. Imekufa, na diski yake ya ndani imekufa pamoja nayo, na katika barua hii yote sina habari njema ya kukupa. Nimeona nikuambie mapema usije ukasoma kwa matumaini.

Ilikuwa alasiri ya mvua ya radi. Umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, ukakatika, ukarudi tena. Mimi nilikuwa dukani, bado nauza dawa palepale Nyamisangura, na Mama alikuwa nyumbani peke yake. Anasema alisikia mlio mdogo kama punje ya mahindi inayopasuka kikaangoni, kisha akanusa plastiki inayoungua. Akapapasa ukuta hadi kwenye swichi, akazima, akatoka nje, akasimama kwenye mvua mpaka jirani alipomwona akamrudisha barazani. Niliporudi nilimkuta ameloa chapachapa, anatetemeka. Habari za moto hakunieleza kabisa. Alisema, "Ghati, leo baba yako atasomaje?"

Nikamwambia tutatengeneza. Nilisema kwa sauti yangu ya dukani, ile ninayomwambia mteja kwamba homa itashuka tu.

Unakumbuka ilivyoanza. Presha ya macho ilipompofusha Mama, wewe ulikuwa umestaafu ualimu karibuni na hukuwa na mtu wa kumfundisha, basi ukamgeuza mkeo darasa. Kila jioni baada ya chakula ulimsomea: Zaburi, gazeti la wiki iliyopita, kitabu chochote kilichokuangukia mkononi. Baadaye ulipoanza kwenda kulala shambani Nyarero nyakati za kupanda na kuvuna, ukanunua kipaza sauti kidogo, ukawa unajirekodi kwenye kompyuta ili asikose kipindi. Ulisoma kwa Kiswahili, ukaeleza kwa Kikurya, ukabishana na mwandishi, ukakohoa, ukafukuza kuku. Mama alizipenda zile za kuku kuliko Zaburi, Mungu atusamehe.

Tulipokuzika Nyarero na waombolezaji wakatawanyika, tulirudi mjini, na jioni hiyohiyo Mama akavuta kiti chake mbele ya meza yako, akakaa. Hakuniomba kitu. Nikaelewa, nikawasha. Tangu hapo haikupita jioni bila wewe kusoma, labda umeme usiwepo. Watu wengine wakifiwa hubaki na picha ukutani. Kwa Mama picha ni ukuta tu. Mumewe alikuwa amebaki ndani ya ile kompyuta, na mahali pengine popote hakuwepo.

Kwa nini sikunakili kwenye simu? Wameniuliza wote. Mwanao Mwita alinipigia kutoka Mwanza kuniuliza kana kwamba nimeua mtu. Nikamjibu kwamba na yeye ana simu, na ana gari, na barabara ya kuja Tarime haijafungwa. Tukanuniana kama watoto. Lakini jibu ni wewe, Baba. Wewe ndiye uliyepiga marufuku flash humu ndani tangu ile iliyotoka stationari ilipotuletea virusi, mitihani yako yote ikawa majina yasiyofunguka. Simu ulisema huibiwa. Na kunakili faili mojamoja ulisema ni kuhama nyumba kwa kubeba kijiko kimojakimoja, siku ya kupika unakuta umesahau chungu. Wewe ulitaka picha ya diski, na ulitueleza maana yake mezani mara nyingi hata Mama akawa anaweza kuwaeleza wenzake wa kwaya: programu inaichukua diski nzima, mfumo wake, mipangilio yake, mafaili yake, hata takataka zake, inaifungia ndani ya faili moja kubwa, kompyuta ikifa, unanunua diski mpya, unairudishia ile picha, na kila kitu unakikuta pale ulipokiacha.

Na jinsi ulivyoihangaikia hiyo programu. Sijaona mtu akichagua mkwe kwa taabu namna ile. Ulizishusha kutoka mtandaoni moja baada ya nyingine, kifurushi kinaisha, unanituma vocha, na kila moja unaihoji: wewe wa ukoo gani, umeishi duniani muda gani, nani amekaa nawe akajuta. Ile ya kujaribu bure kwa mwezi uliikataa, ukasema mgeni anayekuja ametaja siku ya kuondoka huondoka na kuku wako, maana siku utakapotaka kurudisha ndipo itakapokudai ulipie kwanza. Nyingine ilitaka barua pepe na namba ya simu kabla haijafanya kazi yoyote. Ukauliza sasa hapa nani anamlinda nani. Rafiki yako mmoja wa Sirari alikuletea ya kulipia iliyovunjwa kufuli, ukamtazama kama aliyekuletea ng'ombe wa wizi aliyechomwa alama mpya juu ya ile ya zamani. Mwisho ukachagua ile ya bure inayowashwa kwa sidii, skrini nyeusi na maandishi meupe, mbaya wa sura kupita zote. Nilipokutania, ukasema uzuri wa sura hauchungi ng'ombe. Ulikuwa na furaha, Baba. Ulitembea siku nzima kama mtu aliyeoza binti mahali pazuri.

Ninachokikumbuka sasa ni kwamba programu uliihoji miezi mingi, na nakala yenyewe hukuihoji hata mara moja.

Nimekukasirikia. Nalisema wazi kwa sababu hata ukiwa hai nilikuwa nasema wazi, na wewe ulikuwa unacheka na kuniita mkuu wa wilaya.

Babu alikufundisha kwamba ng'ombe wote hawalali boma moja. Wezi wakija, wanakuacha na fimbo. Kwa hiyo unampelekea rafiki wa mbali wachache, anawachunga, anakunywa maziwa yao, na siku zizi lako likifagiliwa una mahali pa kuanzia. Ndiyo maana ile diski ya nje, yenye picha, hukuifungia kabatini. Uliipeleka Nyansurura kwa Mzee Wambura, ambaye babu aliwahi kuweka ng'ombe kwa baba yake. Kila kiangazi uliifuata, ukaileta nyumbani, ukaifuta picha ya zamani kwa kuwa mbili hazikuenea, ukapiga mpya, ukairudisha. Nilipokusomea kwamba hata wataalamu wa mtandaoni wanasema nakala moja ikae mbali na nyumba, ulisema wamechelewa, Wakurya walilijua hilo kabla ya umeme.

Ila kuweka ng'ombe kuna sheria ya pili, nayo ndiyo iliyotumaliza. Aliyeweka hahesabu. Ukifika kwa rafiki unasalimia, unakula, unauliza habari za mvua, unaondoka. Ukianza kunyoosha kidole zizini, umeshamwita mwizi. Na ile programu, kwa ubaya wake wote wa sura, ilikuwa na adabu ya kukuuliza kila ilipomaliza kazi: nihakiki nakala? Nilikuwa nimesimama nyuma yako nikaliona hilo swali. Nikasema, Baba, ikubalie, au tuirudishe kwenye diski nyingine tuone kama itafunguka. Ukabonyeza hapana, ukaniambia bila kugeuka, "Ng'ombe ukishamweka kwa rafiki, humfuati kumhesabu miguu."

Nikanyamaza, maana kwetu ukishajibiwa kwa ng'ombe mjadala umekwisha. Lakini mashine siyo rafiki. Haina uso wa kuona aibu. Ungeihesabu miguu, ungeihesabu mbavu, ungeipekua mdomo ukatazama meno, isingenuna. Heshima uliyompa Mzee Wambura uliipa na ile faili, na faili haikujua kwamba imeheshimiwa.

Basi nikampelekea kompyuta fundi Marwa, yule wa karibu na stendi aliyekulia Sirari. Aliifungua, akainusa, akatikisa kichwa. Diski tukaituma Mwanza kwa Mwita, ikazungushwa kwa mafundi wa huko, ikarudi na jibu lilelile. Nakwambia kweli sikuumia sana. Nilikuwa na Nyansurura.

Nilifunga duka, nikapanda gari, nikamalizia safari kwa bodaboda. Mzee Wambura alikuwa ameambiwa kwa simu. Nilimkuta amevaa koti, wanawe wawili wamesimama pembeni kama mashahidi. Miguu imemwisha, Baba. Ndiyo maana siku tunakuzika hakufika, na hilo linamla. Diski aliitoa chumbani mwake, ndani ya kopo la maziwa ya unga, imeviringishwa kwenye kitenge cha marehemu mkewe. Akanikabidhi kwa mikono miwili. Akasema amekaa nayo miaka yote hiyo na haijazaa hata ndama mmoja, lakini haijafa pia. Nikacheka mpaka machozi yakanitoka, na sijui yalikuwa ya kitu gani. Nilipoaga akaniambia miguu ikimruhusu atakuja Tarime akae na Mama jioni moja, amsikie rafiki yake akisoma. Nikamkaribisha. Njia nzima nilipakata lile kopo kama mtoto mchanga.

Mama hakutaka kazi ifanyikie kwa fundi. Alitaka awepo. Kwa hiyo Marwa alikuja nyumbani na kompyuta iliyofanyiwa ukarabati, diski mpya ndani yake, akaipanga juu ya meza yako. Mama alioga, akavaa gauni la Jumapili, akavuta kiti chake. Marwa akatia sidii yako. Skrini ikawa nyeusi, maandishi meupe yakashuka, na nilipoiona ile sura mbaya moyo ukanilainika, nikasema kimya, mkwe wetu, tufae leo.

Mstari wa kazi ulitembea. Mama aliuliza umefika wapi, nikamwambia unatembea. Akauliza tena, nikamwambia karibu nusu. Kisha ukasimama. Tukasubiri. Marwa akaanza upya, ukatembea, ukasimama palepale. Akabadilisha waya. Palepale. Akaniangalia kwa jicho lile ambalo mimi huwaangalia watu waliochelewa kumleta mgonjwa, akanivuta barazani.

"Dada Ghati, nikuambie ukweli ama nikupe moyo?"

Nikasema ukweli. Akaniambia diski ni nzima na aliyeitunza hana kosa. Picha yenyewe haikumalizika siku ilipopigwa. Pengine umeme ulitikisika, pengine waya ulilegea, lakini faili ni fupi kuliko inavyotakiwa kuwa, mwanzo upo, mwisho haupo. Programu ilidhani imemaliza. "Angeihakiki tu siku hiyo," alisema, "ingemwambia hapohapo. Angerudia, na ingekuwa sawa." Ningeanza kumweleza habari za ng'ombe angeniona nimechanganyikiwa.

Alijaribu njia moja ya mwisho, programu nyingine ya kuchungulia ndani ya picha iliyoharibika. Na hapo, Baba, yakatokea majina. Yale majina uliyoyaandika mwenyewe kwenye rekodi: Zaburi ya Bwana ni Nuru Yangu. Gazeti la Bei ya Mahawa. Herufi ulikosea, ulitaka kuandika mahindi au kahawa, sasa hatutajua. Kuku wa Jirani. Kuku wa Jirani Tena. Nilikuwa nayasoma kwa sauti bila kufikiri, na Mama akanyooka kitini, mikono magotini, tayari.

Nikabonyeza. Kimya. Nikabonyeza nyingine. Majina yalikuwa yamebaki upande wa mwanzo uliopona, sauti zilikuwa upande wa mwisho ambao haukuandikwa.

Mama akauliza, "Ameanza?"

Nikasema bado.

Akasubiri. Akainamisha kichwa upande wa lile sikio lake zuri. Kisha akasema taratibu, anakutetea, Baba, anakutetea mpaka hapo, "Labda anatafuta miwani."

Marwa aligeukia dirishani. Tulikaa hivyo mpaka Mama mwenyewe akasema zima, Ghati, tusimchoshe fundi.

Unataka kujua kilichopona? Mtihani wa hisabati wa darasa la sita. Barua ya kuomba likizo ambayo hukuituma. Picha ya fahali wako mweusi, na mchezo wa karata. Karata zimepona zote, unaweza kucheza.

Nimetafuta kwingine, usidhani nimekaa. Niliwapigia simu ndugu wote. Wewe na simu mlikuwa maadui, ujumbe wa sauti ulisema ni tabia ya watu wasiojua kuandika. Kuna video ya harusi ya binamu yangu ambamo umeshika kipaza sauti unatoa nasaha. Nikaifuata hadi kwa mpiga picha, nikaicheza, mdomo wako unaonekana unakwenda na muziki umekufunika mwanzo hadi mwisho. Nilimfokea yule mpiga picha. Hakuwa na kosa, alikuwa amekuja kurekodi harusi. Nilirudi nyumbani sikumwambia Mama kwamba nilikuona mdomo.

Nikajaribu kumsomea mimi. Nilichukua Zaburi zako, nikakaa kwenye kiti chako, nikasoma vizuri, nikakumbuka mpaka kupumzika kwenye nukta. Mama alinisikiliza kwa heshima, kama anavyomsikiliza mgeni wa kanisa, akaniambia ahsante mwanangu. Jioni ya pili aliniomba nisisome. Aliniambia saa ile niiache kimya, niende jikoni kama nina kazi. Nikienda anakaa mbele ya meza na midomo inacheza. Anakufuatisha kwa kumbukumbu.

Sasa nikuambie kilichonifanya nishike kalamu.

Mzee Wambura alikuja. Hakupiga simu. Kulikuwa na wingu zito, giza la mchana, nikawa nimewasha taa ya sebuleni, na mara nasikia gari limesimama nje na mwanawe mmoja anamshusha kama anavyoshushwa mgonjwa. Amekuja na debe la mtama na jogoo. Alitupa pole upya, akalia kidogo kwa ajili ya mazishi ambayo hakuyafikia, akanywa chai. Kisha akaweka kikombe chini, akauliza lililomleta. Alisema tangu nilipoondoka na lile kopo hakupata habari, na usiku anajiuliza kama ni yeye aliyeua kile kitu. Pengine moshi wa jikoni ulikifikia, pengine joto la bati. Alikuwa ananitazama mimi.

Unajua mdomo wangu. Nilishaufungua. Nilitaka kumweleza kwamba diski ilikuwa salama, faili ndiyo iliyozaliwa nusu, kosa ni la kule kutohakiki. Lakini nikamtazama na nikajua hatasikia hayo yote. Ng'ombe aliyewekwa akifa, anayemtunza humletea mwenye ng'ombe ngozi, wote waione, na moyo unatulia. Yeye ngozi ya kuleta hakuwa nayo. Angesikia tu kwamba alichowekewa kimekufa, na angerudi Nyansurura kufa nacho.

Mama alinitangulia. Aligeuza uso kuelekea sauti yake na kusema, "Shemeji, ulitutunzia vizuri. Namsikia kila jioni."

Mzee akavua kofia akajifunika uso nayo. Mabega yalimtikisika. Alipotulia akasema basi, Mama Mwita, nami nimsikie kidogo tu, hata maneno mawili, niondoke.

Mama akasema, "Umekuja siku mbaya. Leo umeme umekatika."

Taa ilikuwa inawaka juu ya kichwa chake. Hajui, Baba. Niliiwasha kimya, na yeye taa haimhusu. Mzee Wambura aliinua macho akaitazama. Akaitazama kwa muda. Kisha akanitazama mimi, na mimi nikatazama chini. Halafu akavaa kofia yake taratibu, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba umeme wa siku hizi ndivyo ulivyo, na kwao pia unasumbua, atarudi siku ukiwepo.

Hatarudi. Nilimsindikiza hadi kwenye gari. Alinishika mkono kwa mikono miwili, kama siku ile ya kopo, akaniachia.

Niliporudi ndani Mama alikuwa ameketi palepale, amenyooka. Akaniuliza, "Ameamini?" Nikamwambia ameamini, Mama. Akashusha pumzi, akaniomba chai nyingine, na kwa mara ya kwanza tangu kompyuta ilipoungua nilimwona ameridhika na kitu. Jioni hiyo hakukaa mbele ya meza. Nikamuuliza kwa nini. Akaniambia kwamba wewe umeanza kumchanganyikia na mchungaji. Anaanza nawe vizuri, mistari miwili mitatu, halafu katikati anasikia ni mchungaji anayesoma, na hawezi kukurudisha. Akaniuliza ulikuwa na sauti nzito au nyepesi. Nikasema nzito. Akasema ya mchungaji pia ni nzito. Nikatafuta cha kuongeza, Baba. Nimeishi nawe maisha yangu yote, na sikupata cha kuongeza.

Hivyo ndivyo tulivyo. Zamani nilikuwa nikifikiri mtu hufa mara moja. Sitakuambia tutazoea, maana sioni dalili, na wewe hukupenda mwanafunzi anayejaza jibu ili karatasi isibaki tupu. Mtama wa Mzee Wambura tumeusaga. Jogoo bado yupo, Mama hataki achinjwe.

Nakuacha hapo, Tata, baba yangu, kwa sababu ananiita na kalamu inafifia. Kaa vizuri huko Nyarero. Kaburi nitakuja kulipalilia kabla ya mvua. Kukurudishia sauti yako kwa Mama siwezi kukuahidi, nimeshindwa. Ninachoweza kukuahidi ni kimoja, nami nitakishika mpaka nikufuate: Mama hatajua kwamba taa ilikuwa inawaka.

Binti yako,
Ghati